Maji ya Moto ya Alfajiri

Likizo ya skuli ya Juni tumekuja Lizaboni, Songea, ukweni kwangu. Kwetu Unguja kipupwe ni upepo mzuri tu. Huku tupo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Alfajiri yanauma vidole.

Nyumba hii, anayeamka mwanzo huteleka sufuria kubwa la maji ya udhu, ya watu wote. Hata mama mkwe, na magoti yake yale, zamu haachi.

Tumesomeshwa kuwa kukamilisha udhu wakati wa taabu kunafuta madhambi. Lakini dini haikututaka tuitafute taabu. Anayempunguzia mwenzake naye ana fungu lake, inshaallah.

Bibi harusi unayekwenda mbali na kwenu, somo atakufunza udi, asumini na kujisinga. Tia na sweta sandukuni. Kisha mtazame nani anakutelekea maji, nawe umtelekee. Ugeni huanza kuondoka hapo.

Allah atie mapenzi majumbani mwetu. Amin.