Koti la Studio

Picha pekee ya baba yangu iliyotundikwa ukutani nyumbani kwetu Njombe inamwonyesha akiwa ndani ya koti ambalo halikuwa lake. Ilipigwa katika studio moja ya Makambako, siku alipohitaji picha ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho. Studio za wakati ule zilikuwa na koti moja na tai moja vilivyoning'inia kwenye msumari, na kila mteja alivishwa: mkulima wa viazi, karani wa ushirika, mwalimu wa shule ya msingi, wote walitoka wamevaa koti lile lile. Baba alipofariki mwaka 2004 tulipekua nyumba nzima, masanduku hadi kurasa za Biblia, hatukupata picha nyingine. Fundi akaikuza ile ndogo hadi ikajaa chengachenga, nasi tukaibeba mbele ya jeneza. Watu waliomjua kwa miaka arobaini waliitazama kwa mshangao, kana kwamba tunamzika mtu mwingine.

Ndiyo sababu, mwezi Juni 2023, nilipomaliza kusahihisha mitihani ya muhula, niliamua kununua kamera. Mama alikuwa anakaribia miaka themanini. Nilitaka apigwe picha akiwa yeye, jikoni kwake, bila koti la mtu. Nikatenga shilingi 800,000.

Nataja kiasi hicho kwa sababu wanafunzi wangu, hususan walio katika vikundi vya haki za ardhi na mazingira, huniuliza mara kwa mara wanunue kamera gani wakiwa na fedha kidogo. Majibu mengi wanayoyapata yameandikwa kwa ajili ya watu wenye nyumba za madirisha makubwa.

Nianze na simu, maana ndiyo pingamizi la kwanza. Kwa mkutano wa hadhara, kwa barabara iliyokatika, kwa ankara yenye utata, simu inatosha, na pengine inafaa zaidi. Kamera kubwa nyeusi humgeuza raia kuwa mtu wa kuulizwa kibali. Siku moja niliitoa mkobani karibu na eneo la umma ambako watu kumi walikuwa wakipiga picha kwa simu zao, na ni mimi peke yangu niliyefuatwa na kutakiwa nijieleze. Mwanaharakati anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kufikiri juu ya lenzi. Lakini jikoni kwa mama, simu yangu ilinishinda. Programu iliyomo ndani yake hung'arisha giza na kulainisha ngozi bila kuombwa. Mikunjo ya uso wa mama, ambayo ndiyo hasa niliyoifuata, ikafutwa. Nikabaki na picha ya bibi mmoja laini nisiyemfahamu.

Kamera za DSLR, yaani zile zenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpigaji, zimeshuka bei sana zikiwa mtumba, kwa kuwa kampuni kubwa, Canon na Nikon zikiwemo, zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Kwa mtu wa kipato cha kawaida hiyo ni neema. Canon EOS 700D, iliyotoka mwaka 2013, ina megapikseli 18, na hizo zinatosha kuchapa picha ya ukubwa wa karatasi ya A3 ikiwa safi kabisa. Anayekwambia kwamba bila megapikseli nyingi zaidi ya hizo huwezi kuanza, muulize mara ya mwisho alichapa picha kubwa kuliko hiyo lini.

Hayo nayasema leo kwa urahisi. Wakati ule nilikosea kwa namna ambayo wasomi hukosea. Nilisoma wiki mbili, nikachora jedwali la kulinganisha kamera tisa kwa vigezo kumi na viwili, kisha nikaingia dukani Dar es Salaam na jedwali langu mfukoni, na nikanunua kile kilichonivutia macho. Muuzaji alikuwa na 700D iliyotumika pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, na juu yake akaweka lenzi ndefu ya milimita 75 hadi 300. Vyote kwa shilingi 780,000. Ile ndefu ilifanana na za waandishi wanaofuata misafara ya mawaziri. Niliivaa shingoni, nikajiona katika kioo cha duka, nikalipa.

Njombe mwezi Julai ni baridi ya kuuma mifupa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hadi saa tatu. Jiko la mama lina dirisha moja dogo na kuta zilizofunikwa masizi. Kwa lenzi ndefu, ili mama na mafiga yake waingie pamoja katika picha, ilinibidi nirudi nyuma hadi nje ya mlango, nikasimama katikati ya kuku. Nikafunga ile ya kawaida. Mama alitokea, lakini mikono yake ilikuwa ukungu mtupu. Lenzi ile ina kitulizi ndani, na kitulizi hutuliza mkono wa mpigaji. Hakiwezi kutuliza mkono wa mama anayesonga ugali. Nilipoilazimisha kamera ione gizani, picha ikajaa chenga kama ile ya baba.

Nikapanda gari dogo kwenda Makambako, kiasi cha kilomita 60, kutafuta ushauri. Karibu na stendi yuko mzee mmoja anayepiga picha tangu enzi za filamu. Tulisalimiana, kamwene kwa kamwene, nikaweka vifaa vyangu mezani na kuanza kumweleza habari za megapikseli. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Unataka kumpiga nani, Mwalimu?"

"Mama yangu."

"Anakaa wapi zaidi?"

"Jikoni, Mzee."

"Dirisha la jiko linatazama upande gani?"

Sikuweza kujibu. Nilizaliwa katika nyumba ile. Nina shahada ya uzamivu, nilikuwa na jedwali la vigezo kumi na viwili, na sikujua dirisha la jiko la mama yangu linatazama wapi.

Mzee hakunicheka. Aliichukua lenzi yangu ya kawaida na kunionyesha namba zilizoandikwa mbele yake, 3.5 hadi 5.6. Namba hizo, alisema, ni kipimo cha tundu ambalo mwanga hupitia, na huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kisha akatoa katika droo lenzi fupi, nyepesi, isiyo na zumu, ya milimita 50, yenye namba 1.8. Nilipiga hesabu baadaye: ukilinganisha na lenzi yangu ikiwa imevutwa hadi mwisho, ile ndogo hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi, ndugu msomaji, kwa kifaa kinachoenea kiganjani na ambacho nilikipita dukani bila kukitazama kwa sababu hakikuwa na urefu wa heshima.

Hakutaka kuniuzia siku ile. Aliniagiza nirudi nyumbani, niizungushe zumu yangu hadi kwenye 50 na kuiacha hapo siku nzima, kesho yake niiweke kwenye 24, kisha nije nimweleze nilichokikosa. Huo ni ushauri bora kuliko wote nilioupata katika shughuli hii, na hauna gharama: lenzi inayokuja na kamera ndiyo kipimo cha lenzi utakayoihitaji. Kwenye 50 nilipata uso na mikono, nikakosa jiko. Kwenye 24 nilipata jiko zima, mafiga, kuni, hata paka. Niligundua pia kwamba dirisha linatazama mashariki, na kwamba kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi, mwanga unatosha hata kwa lenzi niliyokuwa nayo. Kwa hiyo jiko zima lingepigwa asubuhi, kwa msaada wa jua. Fedha niliihitaji kwa ajili ya jioni, uso na moto.

Niliporudi, mzee alikubali kubadilishana. Vijana wake hupiga mechi za mpira, lenzi ndefu ingewafaa. Kwanza aliwasha tochi ya simu, akaielekeza nyuma ya kioo cha lenzi yangu na kunionyesha nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui pembeni. Kuvu. Huota lenzi ikikaa miaka ndani ya mkoba mahali penye unyevu. Jedwali langu halikuwa na kigezo cha kuvu. Akapunguza thamani yake, nikaongeza shilingi 60,000. Jumla ikawa 840,000.

Kwa wanaoniuliza, basi, haya ndiyo ninayowajibu sasa. Nunueni bodi ya zamani na lenzi yenye tundu kubwa, wala si bodi mpya na lenzi ya kifungashio. Nendeni na tochi. Ulizeni kamera imefanya kazi gani, maana iliyopiga harusi kila Jumamosi imechoka kuliko ya mstaafu aliyeitumia Krismasi. Mkichukua Nikon za mfululizo wa D3000, tazameni lenzi imeandikwa nini: iliyoandikwa AF pekee, bila S, haitalenga yenyewe, kwa kuwa bodi hizo hazina mota ya kuizungusha. Bakizeni fedha ya betri ya pili na kadi. Na kabla ya kuipeleka kamera usoni pa mtu, ombeni ridhaa. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ingawa adabu ilikuwepo kabla yake.

Kwa watumishi wenzangu wa umma nina neno moja la pembeni. Katika ofisi moja niliyoalikwa kutoa mada niliona kabatini kamera ya mamilioni ikiwa na vumbi, huku tukio likipigwa picha kwa simu ya katibu muhtasi. Betri ilikuwa imekufa. Bajeti ilikuwa na kifungu cha kununua kamera, haikuwa na kifungu cha kununua betri, wala cha kumfundisha mtu kuitumia. Sisemi zaidi.

Jioni niliporejea kutoka Makambako mama aliuliza kitu kile kimegharimu kiasi gani. Nilifikiria kudanganya. Nikamwambia. Msimu ule wa 2022/23 mbolea ya kupandia ya ruzuku iliuzwa shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50, naye alikuwa amepanga foleni kuipata. Alinyamaza kidogo, midomo ikihesabu.

"Mifuko kumi na miwili," alisema.

Sikuwa na la kujibu.

"Basi piga vizuri, baba."

Asubuhi iliyofuata nilipiga jiko. Kamera iliyolala chumba cha baridi iliingia penye moto na lenzi ikapiga ukungu papo hapo. Ilinibidi nisubiri robo saa bila kuifutafuta. Jioni nikafunga ile ya 50. Moto ulikuwa umekolea. Nikamwambia mama akae kwenye kigoda chake, kama alivyo, na kanga yake ya jikoni. Akainuka, akaingia chumbani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la kanisani, sweta jipya ambalo mdogo wangu alimletea, na kilemba cha hariri.

Nilimweleza, kwa upole nadhani, kwamba sikutaka picha ya namna hiyo. Nilimweleza habari ya koti la studio, jinsi tulivyomzika baba kwa sura isiyo yake, na kwamba safari hii nilitaka ukweli. Nilizungumza kama dakika tano. Ni kazi yangu.

"Baba yako alilipenda lile koti," mama alisema. "Siku aliyopigwa picha alirudi akilisimulia hadi tukalala. Alisema angekuwa na fedha angelinunua. Wewe ulikuwa mdogo."

Kisha akakaa kwenye kigoda, akarekebisha kilemba, akaitazama lenzi.

Nilipiga picha thelathini na moja. Tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayoonekana sawasawa ni nyembamba mno. Katika nyingi sikio ni safi na jicho lina ukungu. Katika nne macho yote mawili yametulia, mikunjo yote ipo, na mwanga wa moto umeangukia sweta. Mama alichagua moja. Haikuwa ile ambayo ningeichagua mimi.

Mzee wa Makambako aliichapa, akaitia fremu, na hakupokea fedha ya fremu. Nilipigilia msumari wa pili ukutani, chini kidogo ya ule wa baba. Mama alirudi nyuma hatua tatu, akatazama, akaniagiza niung'oe na kuupandisha juu, picha zilingane.