Taa ya Gereji Inatosha

Minneapolis, Januari



Mwezi wa Desemba huku Minnesota jua huchomoza saa 2 kasorobo asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, tena mara nyingi lenyewe limejificha nyuma ya mawingu. Kwa aliyezoea mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, ambao hauachani sana na saa 12 mwaka mzima, ni vigumu kuamini kwamba mwanga unaweza kuadimika hadi mtu akaununua dukani. Lakini ndivyo ilivyo. Anayetaka mrehani dirishani au mnavu kwenye ndoo wakati nje kuna theluji hana budi kutafuta taa, na sokoni humo ndimo anamopigwa. Msimamo wangu ni kwamba mwenye kipato cha kawaida hahitaji taa iliyoandikwa kuwa ni ya mimea. Taa ndefu nyeupe ya LED, ya futi 4, ile inayouzwa kwa ajili ya gereji, inamtosha, mradi aitundike karibu na majani na kuiwasha saa za kutosha.

Tuanze na tarakimu, maana ndizo zinazowapoteza wanunuzi wengi. Boksi huandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa, kumbe ukisoma maandishi madogo unakuta taa inakula wati 100 tu. Hiyo 1000 ni makisio ya muuzaji akiilinganisha na taa za zamani. Ingekuwa inakula wati 1000 za kweli, ingetoa joto kama pasi. Hata hivyo, wati halisi nazo hazitoshi kukueleza kitu, kwa kuwa zinapima umeme unaoingia, ilhali mmea unajali mwanga unaotua kwenye jani. Mwanga huo hupimwa kwa mikromoli katika kila mita ya mraba kwa sekunde, na muuzaji mkweli huonyesha kipimo hicho pamoja na umbali uliotumika kupimia. Asipoonyesha, angalia lumeni. Kwa taa nyeupe ni kadirio zuri, na taa ya gereji ya wati 40 hutoa lumeni 4000 au zaidi.

Wapo watakaosema kwamba mimea hutaka nyekundu na bluu, ndiyo maana taa za mimea zina ile rangi ya zambarau. Hoja hii ina ukweli wa jana. Jani huonekana kijani kwa sababu hurudisha sehemu ya mwanga wa kijani, ila sehemu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Keith McCree alipima spishi 22 za mazao, akaonyesha kwamba mwanga wa kijani nao unatumika kutengeneza chakula cha mmea. Zambarau ilikuwa na maana zama zile ambapo LED nyeupe zilikuwa ghali na hafifu. Leo LED nyeupe ni LED ya bluu iliyopakwa fosfori inayogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu, na waliovumbua hiyo ya bluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nyeupe, basi, ina rangi zote anazozitaka mkulima wa sebuleni. Tena chini ya mwanga mweupe utaona jani linapoanza kugeuka manjano au kushikwa na wadudu. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi.

Umbali ndio uchumi wenyewe. Taa iliyo darini humwangazia mwenye nyumba, si mmea. Ishushe hadi sentimita 15 au 20 juu ya majani, uipandishe kadiri yanavyokua. LED haina joto la kuyaunguza kwa umbali huo. Kisha ifunge taima ya soketini, saa 14 kwa siku, usiku izime.

Na umeme? Hesabu ni fupi. Wati 40 kwa saa 14 ni uniti 0.56 kwa siku, yaani kama uniti 17 kwa mwezi. Tuseme uniti ni senti 17 za dola: hazifiki dola 3. Nzito zaidi ni hoja kwamba mboga za dukani ni nafuu kuliko za chini ya taa. Kwa sukuma wiki ni kweli, hakuna ubishi. Madukani huku ipo majira yote, na kuiotesha chini ya taa ni anasa. Nyanya ni mbaya zaidi, kwani hutaka moli 20 hadi 30 za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa siku, na hapo taa mbili za gereji hazifui dafu. Atakayeshupaza shingo atalipia taa za ghali na bili ya kushangaza, avune nyanya za kuhesabika. Taa hii ina faida kwa majani yanayochumwa machanga na ambayo dukani si rahisi kuyapata: mnavu, ambao Wakenya huuita managu, majani ya kunde, mrehani. Kwa hayo weka taa mbili sambamba. Kwa mnanaa na maua ya ndani, moja yatosha.

Kwa hiyo mkisikia ndugu yenu wa huku anataka kununua taa ya zambarau yenye wati 1000, mwambieni anunue ya gereji, ahakikishe ina alama ya usalama ya UL au ETL, na chenji anunulie udongo. Naye anayesafiri kuja asifiche mbegu za mnavu kwenye sanduku. Marekani inadai cheti cha afya ya mimea, ambacho nchini Kenya hutolewa na shirika la KEPHIS, na nchini Tanzania na mamlaka ya TPHPA.