Kitanda cha Nixon, kitanda changu

Msomaji wangu, mimi ndiye yule ninayekujibu kila mwezi ukiandika kwamba mumeo hasemi na wewe. Nakwambia kaeni chini, zimeni televisheni, mwangaliane usoni. Haya, leo nikupe ukweli wangu: siku naandika jibu la mwisho la namna hiyo, nilikuwa na wiki ya tano nalala chumba cha watoto.

Sababu ni kiwanja. Kile cha Kigamboni tulichokinunua kwa kujinyima miaka mitatu, mwenzangu alikiuza bila kunishirikisha. Pesa akaziingiza kwenye biashara ya rafiki yake, na huyo rafiki mpaka leo simu hapokei. Sikupiga kelele, na afadhali ningepiga. Nilihamisha shuka tu. Tukabaki na mazungumzo ya luku imeisha, ada ya mtoto, nani apeleke gari gereji. Kimya kimya nikamtafuta dalali anitafutie vyumba viwili Tabata.

Katikati ya hayo ndiyo ikaja kazi ya opera. Nilikuwa na kurasa mbili za burudani hazina kitu, na shoga yangu aliyerudi kutoka masomoni nje akanipa diski. "Iangalie hii," akaniambia, "ni ya Nixon." Nixon gani? Yule rais wa Marekani wa kashfa ya Watergate, eti anaimba! Nilicheka. Sisi tuliokulia kwenye taarab tunajua muziki ni wa mapenzi, wivu na kurushana roho, siyo wa mawaziri wa mambo ya nje.

Inaitwa Nixon in China. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1987 kule Houston, Texas, kwenye jumba la Wortham ambalo wakati huo lilikuwa bado linanukia rangi. Wazo lilikuwa la mwongozaji Peter Sellars, kijana wa miaka 30 tu. Muziki ni wa John Adams, ambaye mwanzoni alisita kabisa, na maneno yaliandikwa na Alice Goodman, mwanamke ambaye hajawahi kuandika opera hata moja kabla ya hiyo. Na aliandika kwa vina, ujue. Habari yenyewe ni ya kweli: ile ziara ya wiki moja ya Februari 1972, Rais Nixon na mkewe Pat walipokwenda Beijing kukutana na Mao, wakati nchi zile mbili hazikuwa hata na balozi.

Kwetu huku mambo ya China hayakuwa mageni. Wakati Nixon anashuka ngazi za ndege, mafundi wa Kichina walikuwa wanalaza reli ya TAZARA. Na miezi michache nyuma, Oktoba 1971, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele pale Umoja wa Mataifa kupigania China ipewe kiti chake, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim, Marekani ikiwa upande wa pili. Lakini nisitoke nje ya mada.

Kilichonishangaza ni kwamba kati ya watu sita wakuu wa opera ile, wanne walikuwa hai siku ya onyesho la kwanza. Nixon mwenyewe, Pat, Kissinger, na Chiang Ch'ing mjane wa Mao, aliyekuwa kifungoni. Waliokwisha kufa ni Mao na waziri mkuu wake Chou En-lai, wote mwaka 1976. Hebu fikiria uko nyumbani kwako unakunywa chai, halafu mahali fulani mtu amevaa koti kama lako anaimba mambo ya chumbani kwako.

Wakosoaji hawakuipokea kwa shangwe wote. Yule wa New York Times aliiponda, akasema Adams anaifanyia arpeggio kile McDonald's walichoifanyia baga. Kweli, muziki wenyewe unarudia rudia, kipande kilekile kinazunguka mpaka unadhani diski imekwama. Lakini onyesho halikufa. Lilikwenda Brooklyn mwaka uleule, kisha Washington, Amsterdam na Edinburgh. Mwaka 1988 likaingia kwenye televisheni ya PBS, kipindi cha Great Performances, na aliyelitambulisha kwa watazamaji ni Walter Cronkite, mtangazaji aliyekuwepo Beijing mwaka 1972 akiripoti ziara yenyewe! Kipindi kikapata tuzo ya Emmy.

Na hapo televisheni ilikuwa inarudi nyumbani, maana ziara yenyewe ilipangwa kwa ajili ya televisheni. Setilaiti ilirusha picha moja kwa moja mpaka sebuleni kwa Wamarekani. Kwenye opera, Nixon akishashuka tu kwenye ndege anaanza kuimba kuhusu habari, habari, habari. Mkono anampa Chou, akili iko kwa watazamaji wa kwao, anapiga hesabu kule ni saa ngapi.

Niliposikia hapo nilisimamisha diski. Mume wangu alikuwa sebuleni anaangalia taarifa ya habari. Mimi chumbani, kompyuta mapajani. Ukuta mmoja, vioo viwili.

Diski niliyopewa ni ya Metropolitan Opera ya New York. Jumba hilo kubwa liliichukua opera hii Februari 2011, miaka 23 na ushei baada ya Houston. Adams mwenyewe alisimama mbele ya okestra, Sellars akaongoza, na tarehe 12 Februari ikarushwa moja kwa moja kwenye majumba ya sinema ya nchi nyingi. Nixon aliimbwa na James Maddalena. Ni yuleyule wa 1987! Shoga yangu alinipa na ile rekodi ya zamani, ya mwaka uleule wa mwanzo, nikawa nabadilisha: Maddalena kijana, Maddalena mtu mzima. Kijana sauti imenyooka kama rula. Huyu wa pili sauti imechoka, mahali pengine inakwaruza, anaitafuta noti kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kitaalamu wa kwanza anamzidi. Lakini mwenzenu huyu wa pili ndiye niliyemwamini.

Kuna wengine baadaye. Mwaka 2023 Opera ya Paris iliiweka pale Bastille, Thomas Hampson akiwa Nixon na Renée Fleming akiwa Pat, Gustavo Dudamel akiongoza okestra, na mwongozaji Valentina Carrasco akajaza jukwaa michezo ya tenisi ya mezani, kwa sababu ni timu ya mchezo huo iliyofungua mlango kati ya nchi hizo mwaka 1971. Lakini mimi nilishanasa kwa yule mzee wa sauti iliyokwaruza.

Kwa saa mbili za mwanzo wanaume wanaimba siasa na karamu, glasi zinagongwa. Pat anatembezwa mashambani na makaburi ya wafalme, anatabasamu mpaka unamwonea huruma. Jioni wanapelekwa kwenye dansi la kimapinduzi, msichana anachapwa viboko jukwaani, na Pat anashindwa kuvumilia, anainuka kwenda kumsaidia. Kila mtu anajua ni maigizo isipokuwa yeye. Au pengine yeye peke yake ndiye aliyeona.

Halafu sehemu ya mwisho. Hakuna ndege, hakuna bendera. Ni vitanda tu jukwaani. Usiku wa mwisho Beijing, wote wamechoka. Mao na mkewe wanakumbuka ujana wao. Nixon na Pat nao.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Luku ilikuwa imekata upande wa sebuleni kwenye mawazo yake, alivyodai, ingawa taa naiona inawaka. Akasimama mlangoni.

"Huyo mzungu analilia nini?"

"Halii, anaimba. Anamsimulia mkewe habari za vita."

Akakaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto, miguu imemjaa mpaka kwenye mlango. Nikawa namtafsiria. Nixon anakumbuka alipokuwa askari wa majini visiwani Pasifiki, jinsi alivyofungua kibanda cha kuwauzia wenzake baga. Ni kweli kabisa, alikuwa nacho. Na Pat anamsikiliza, hadithi ambayo bila shaka ameshaisikia mara mia.

Mume wangu akacheka, cheko ambalo sikulisikia tangu ya kiwanja. "Huyo ni mimi na chipsi mayai."

Niwaeleze. Kabla ya ajira, mwenzangu alikuwa na meza ya chipsi Ubungo. Hiyo hadithi anaisimulia kwenye harusi, msibani, kwa mafundi bomba. Mimi naijua mpaka bei ya trei ya mayai ya wakati ule. Nilishafika mahali akianza tu, naondoka kwenda jikoni.

"Aliachana naye?" akauliza.

Nikamwambia hapana. Walioana tarehe 21 Juni 1940, na Pat alifariki tarehe 22 Juni 1993, siku moja baada ya kutimiza miaka 53 ya ndoa. Nixon, mtu aliyejiuzulu urais mbele ya dunia nzima, alilia mazikoni kama mtoto, kamera zikimwona. Mwaka uliofuata naye akafa.

Kwenye kompyuta Chou En-lai alikuwa amebaki peke yake macho, wenzake wamelala, anajiuliza katika yote waliyoyafanya lipi lilikuwa jema. Muziki ukaisha. Hakuna aliyenyanyuka.

"Ningekwambia ya kiwanja," akasema. "Nilitaka kukwambia siku pesa zitakaporudi."

"Ungeniambia siku zinatoka."

Akanyamaza. Kisha akaenda, akarudi na bahasha. Ndani mkataba wa kurasa mbili, sahihi ya yule rafiki, na shahidi ambaye kumbe ni shemeji yangu mwenyewe! Hapo kelele nilipiga. Mtoto akaamka. Tulibishana mpaka saa tisa usiku, yaani kwa kiasi ambacho hatujabishana mwaka mzima, na asubuhi yake tukaenda wote wawili kwa mwanasheria.

Kesi haijaanza. Dalali wa Tabata alinipigia tena jana, anasema vyumba vina mteja mwingine. Nimemwomba anivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Mto nimeurudisha chumbani kwetu. Shuka bado.