Mnyororo Uliotufunza Kuuliza

Tulipohama Biharamulo kwenda Ngara, mizigo yetu ilipakiwa juu ya basi: magodoro, masufuria, magunia mawili ya mahindi, na baiskeli ya gia ya kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili. Ilikuwa baiskeli ya mtumba yenye matairi mapana, tuliyoinunua baada ya kubana matumizi ya nyumbani kwa miezi mingi, na huko Biharamulo ilikwenda bila tatizo. Tulipita Lusahunga, Nyakahura na Benaco, tukashuka Ngara salama, tukamshukuru Mwenyezi Mungu, wala hatukuikagua.

Anayeijua Ngara anajua kwamba huko hakuna safari isiyo na kilima. Wachukuzi wa ndizi, ambao baiskeli zao hazina gia, hushuka na kusukuma kila wafikapo kwenye mpando. Kijana wetu mwenye gia alijiona tajiri, lakini furaha yake haikutimiza juma. Kila alipokanyaga kwa nguvu mlimani, mnyororo uliruka kwa kishindo kutoka sproketi moja hadi nyingine, mguu ukateleza kwenye pedeli.

Tulimwuliza ameifanya nini baiskeli. Akajibu, "Baba, Mama, sijaanguka nayo, wala sijamwazima mtu." Hatukumsadiki. Tulijiambia kwamba kijana wa umri ule hawezi kumiliki kitu kama kile asiwape rafiki zake wakichezee. Tukamnyang'anya, tukamwambia atatembea mpaka aseme kweli. Akatembea siku 13 kwenda shule na kurudi, na kila jioni alifika chuo cha Kurani wenzake wakikaribia kufunga misahafu.

Siku hizo hizo sisi tulijitia ufundi. Tuliona skrubu mbili ndogo kwenye mkono wa gia wa nyuma, tukazizungusha huku na huku kwa bisibisi bila kujua kazi yake. Hali ikazidi kuharibika: sasa mkono ule ulipofika kwenye sproketi kubwa kabisa, ulikwaruza spoku za gurudumu.

Hatimaye tuliipeleka kwa mzee mmoja atengenezaye baiskeli chini ya mparachichi. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akainama akaitazama kwa nyuma kwa muda mrefu. "Hizi skrubu zimechokonolewa na nani?" akauliza. Tukatazamana, kisha tukakiri.

Mzee hakutucheka. Alitueleza kwamba skrubu zile ni kama ua wa shamba. Moja huuzuia mkono wa gia usivuke sproketi ndogo kabisa ukaangusha mnyororo upande wa fremu. Ya pili huuzuia usivuke sproketi kubwa kabisa ukaingia kwenye spoku. Haziwezi kuponya mnyororo unaoruka katikati. Huko katikati kazi ni ya waya. Waya ukivuta, mkono husogea kuelekea sproketi kubwa. Ukilegezwa, springi huurudisha kwenye ndogo. Basi, mnyororo ukichelewa kupanda sproketi kubwa, aghalabu waya umelegea. Ukichelewa kushuka, huenda waya umekazwa mno, au vumbi na kutu vimejaa ndani ya ganda lake. Vumbi jekundu la njia zetu hulifanya kosa hili la pili liwe la kawaida.

"Lakini yenu si waya," akasema. Akatuita tusimame nyuma ya baiskeli. Tukaona mkono wa gia haukuning'inia wima sambamba na sproketi, bali umeinama kuelekea spoku. Kipande cha chuma kinachoushikilia kwenye fremu kilikuwa kimepinda. Baiskeli za zamani zingeweza kuvumilia, kwa kuwa mpandaji alitafuta gia mwenyewe kwa kusogeza mkono taratibu. Lakini tangu kampuni ya Shimano ya Japani ilipotoa mwaka 1984 mfumo wa kubofya gia moja moja, kila mbofyo huvuta waya kwa kipimo maalumu, na kipimo hicho hupotea chuma kikipinda hata kidogo.

Kisha mzee akauliza swali ambalo sisi wazazi hatukujiuliza kwa siku 13: "Ilifikaje hapa Ngara?"

Tukasema, juu ya basi. "Ililazwa upande gani?" Tukakumbuka. Tuliilaza wenyewe upande wa kulia, upande wenye gia, na juu yake tukapandisha magunia yetu mawili ya mahindi. Kijana hakuwa na mkono katika jambo lile.

Mzee aliufungua mkono wa gia, akachukua gurudumu jingine la nyuma, akaskrubu ekseli yake kwenye tundu lililobaki wazi. Akalitumia gurudumu lile kama mpini, akanyoosha chuma taratibu mpaka magurudumu mawili yakawa sambamba juu, chini na pande zote. Akatuonya kwamba aluminiamu haipendi kukunjwa mara nyingi. Ikipinda tena, huenda ikakatika. Ndipo akarudisha ua wa skrubu mahali pake, akakaza waya, na mwisho akarekebisha mvuto wake kwa robo mzunguko.

Tulirudi nyumbani kimya. Tuliwaza zile spoku zilizokwaruzwa, nasi ndio tuliolegeza ua uliozilinda. Barabara ya Benaco hupitisha malori yaendayo Rwanda kwa Rusumo na Burundi kwa Kabanga. Mkono wa gia ukinaswa na spoku mlimani, gurudumu husimama ghafla. Kama kijana angejificha akaipanda, tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Baada ya Magharibi tulimwita mkekani. Tukamwambia kwamba alisema kweli na sisi tulikosea, na kwamba uharibifu ule ulikuwa wetu mara mbili, kwa magunia na kwa bisibisi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilijua mtakuja kujua." Maneno hayo yalituuma kuliko lawama. Tumefunzwa tangu utotoni kujiepusha na dhana na kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu, lakini mafunzo hayo tuliyahifadhi kwa ajili ya majirani, tukayasahau kwa mtoto wetu.

Sasa gia zikisumbua, tunafuata utaratibu wa mzee. Kwanza tunatazama kwa nyuma kama chuma kimenyooka. Kisha waya na ganda lake. Kisha mnyororo, ambao viungo vyake 24 vikiwa vipya hupimwa inchi 12 kamili, na vikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi umekwisha. Skrubu zinakuja mwisho. Na kabla ya yote hayo, tunamwuliza mwenye baiskeli, nasi tunamsikiliza.