Njuga Iliponyamaza

Mbwa wetu aliitwa Mpora, neno la Kinyambo lenye maana ya polepole. Tata, yaani baba yangu, alimpa jina hilo alipokuwa na siku mbili tu, kwa sababu wenzake wanne walikuwa wakigombania chuchu naye amelala pembeni akingoja nafasi. Mama alidhani hatapona. Aliishi miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa Nyakatuntu, huko Kyerwa, mwaka 1987, nami niko darasa la tano. Kyerwa haikuwa wilaya wakati huo. Mpaka 2012 sote tulikuwa watu wa Karagwe. Nyumba yetu ilizungukwa na kibanja, migomba na mibuni imechanganyika kama kwa kila mtu, na ukitoka kwenye kibanja unaingia rweya, ile nyika ya nyasi iliyotanda juu ya vilima. Huko ndiko walikokaa kwale.

Kwale ninayemsema ni yule mwenye koo jekundu lisilo na manyoya, na miguu myekundu vilevile, kama aliyekanyaga udongo wa kwetu baada ya mvua. Ni wa ukoo mmoja na kuku, na kama kuku, hapendi kuruka. Akisikia hatua zako hukimbia ameinamisha kichwa. Akiona amebanwa hujibana chini na kutulia tuli, ukapita hatua mbili kutoka alipo usimwone. Ukimkaribia mno hufyatuka kwa kishindo cha mbawa, na hata mtu mzima hushtuka. Lakini ni mzito. Huruka, akatua mbele kidogo, akaruka tena, na kufikia mara ya tatu amekwisha kuchoka. Mwenye rungu humsubiri hapo.

Nyasi za rweya zikikomaa humeza mbwa mzima, kwa hiyo Tata alimvisha Mpora njuga ya chuma shingoni. Mbwa wa majirani nao walikuwa na njuga, ila wao walikuwa wa fujo: wakinusa tu, wanaingia kwa kasi, na kwale wanaruka watu wakiwa bado mbali. Mpora alikuwa na tabia yake. Akipata harufu, alisimama. Mguu mmoja wa mbele ameukunja, mkia umenyooka, ncha ya pua inacheza kidogo kidogo. Hakufundishwa na mtu. Na aliposimama, njuga ilinyamaza.

“Usisikilize njuga,” Tata aliniambia mara ya kwanza aliponichukua. “Sikiliza inapokoma.”

Ilinichukua muda kujifunza. Tulitoka alfajiri, umande haujakauka, maana harufu hukaa vizuri kwenye unyevu. Jua likipanda inapotea na mbwa hodari anakuwa kama kipofu. Tulikwenda tukiupinga upepo, ndri ndri ya njuga iko mbele yetu, na kazi yangu ilikuwa kuushika ule ukimya mara tu unapoingia. Mtoto huvutwa na sauti. Kukaa macho kwa ajili ya sauti isiyokuwepo ni kazi nyingine kabisa.

Asubuhi moja ya Julai, Tata hayupo, nilikwenda na Mpora peke yetu. Nyasi zilikuwa zimekauka, vumbi jingi, na tulikuwa tumezunguka muda mrefu bila kitu. Njuga ikakoma. Nikamkuta amesimama mbele ya kijisehemu cha nyasi fupi, nyasi ambamo hata panya asingejificha. Nilitazama vizuri, sikuona kitu. Nikamwita, hakusogea. Nikamwita tena. Nilikuwa na njaa, nimechoka, na niliona mbwa ananidharau. Nikamchapa fimbo mgongoni.

Hakulia. Alishusha mguu aliokuwa ameukunja, akageuza kichwa akanitazama, kisha akaondoka pale akapita kando yangu. Nikapiga hatua moja. Kwale watatu wakafumka kutoka kwenye zile nyasi fupi, mmoja nusura anigonge kifua kwa bawa.

Nyumbani nilijitahidi kuficha, lakini Tata aliona mstari kwenye manyoya. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema, “Umempiga kwa kusema kweli,” akaendelea kumenya ndizi, akimsaidia Mama.

Tangu siku hiyo Mpora alibadilika. Aliendelea kuwinda, aliendelea kunusa, lakini akipata harufu alikuwa hasimami tena papo hapo. Kwanza alinigeukia. Alinitazama usoni, kama anayeuliza kama leo inaruhusiwa, na kwale si ndege wa kukungoja umalize kuuliza. Kwa Tata hakufanya hivyo. Kwangu tu.

Sikujua namna ya kumwomba mbwa radhi. Nilichofanya ni kuacha rungu nyumbani. Nilikwenda naye jioni baada ya shule, na kila njuga ilipokoma, nami nilikoma. Nilichuchumaa nyuma yake nikangoja, wakati mwingine mpaka miguu ikafa ganzi. Mara nyingi hapakuwa na kwale. Mwanzoni hilo lilinisumbua, mpaka nilipoanza kukuta unyoya, au kishimo cha mchanga walimojigaragaza, nikaelewa kwamba Mpora hakuwa amekosea. Alikuwa anasema walikuwa hapa. Mimi ndiye niliyekuwa na swali moja tu, wako wapi sasa, na kila jibu lisilolingana na swali langu nililiita uongo. Masika yalipita, senene wakaja wakaondoka, ndipo akaacha kunigeukia.

Nilipokua nikawa mwalimu, na nimefundisha hisabati shule za msingi kwa miaka mingi. Mwanzoni kabisa mwa kazi yangu, msichana mmoja wa darasa la sita alileta jibu la swali la sehemu ambalo darasa zima lilikuwa limelikosa. Halikulingana na langu. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba amenakili mahali. Usiku, nikisahihisha kwa taa ya chemli, nililifanya swali upya nikagundua aliyekosea ni mimi. Kesho yake nilisema hivyo darasani, kwa sauti, na nilidhani yamekwisha. Lakini kuanzia siku ile, nilipomwita kwa jina ajibu, alinitazama kwanza usoni. Niliyajua macho yale. Nilikuwa nimeyaona rweya.

Sikumwambia “usiogope.” Ingekuwa bure. Nilijifunza kumpa muda, nikashusha chaki, nikasogea dirishani nikamwachia ubao. Ilichukua muhula mzima. Na sijui ni wangapi wengine niliowapita bila kuyaona macho hayo, kwa sababu si kila mtoto hugeuka akutazame. Wengine huacha tu kusimama.

Siku hizi siwindi. Sheria ya wanyamapori, ile ya 1974 na hii ya 2009 iliyochukua nafasi yake, inataka leseni hata kwa ndege, jambo ambalo sisi watoto hatukulijua na wakubwa hawakulisema. Mapori ya kwetu ya Ibanda na Rumanyika yamekuwa hifadhi za taifa tangu 2019, na ninafurahi. Rweya nyingi za utotoni mwangu zimegeuka mashamba ya mahindi na maharage. Bado kwale wapo, ukiamka mapema utawasikia wakiwika kwa ile sauti yao ya kukwaruza, lakini inabidi uende mbali zaidi kuwakuta.

Mpora alizeeka akawa kiziwi. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Jioni moja alitoka uani polepole, akapita chini ya migomba, nami nikamfuata. Njuga Tata alikuwa ameshaivua, shingo ilikuwa imekonda mno. Kwenye ukingo wa kibanja, nyasi zinapoanzia, alisimama. Mguu ulikunjwa kwa shida, ukatetemeka, akaukaza. Upepo ulikuwa unatoka bondeni. Nilichuchumaa nyuma yake. Jua likazama upande wa Rwanda, nyasi zikawa nyeusi, Mama akaita mara mbili chakula kiko tayari. Aliposhusha mguu mwenyewe, tulirudi pamoja. Sikwenda kufunua zile nyasi.