Mapafu Si Tumbo: Barua kwa Mpwa Aliyeko Bunia

Mahagi

Kwa mpwa mpendwa,

 

Barua hii ina jambo moja. Ulimuuliza mjomba wako kwa simu ni arki gani, kati ya zile zinazotiwa kwenye keki na biskuti, iliyo salama kuchanganywa na glisirini na nikotini, ili ujitengenezee mwenyewe maji ya vepu badala ya kununua vichupa vinavyotoka Kampala. Hakutaka kukujibu kwa haraka. Mtu aliyekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa katika kituo cha afya hujifunza kwamba ukiulizwa kama kitu ni salama, nawe lazima uulize: kinaingia mwilini kwa njia gani? Dawa ya kupaka kwenye kidonda inaweza kumuua mtu ikichomwa kwenye mshipa.

Arki ya vanila unayoiona sokoni imepimwa kwa njia ya kula. Chama cha watengenezaji wa ladha cha Marekani, FEMA, kina orodha ya ladha zinazokubalika katika chakula, ambayo ilianza kuchapishwa mwaka 1965 na hutegemewa na viwanda vya nchi nyingi. Chama hicho hicho kimetamka wazi kwamba orodha yake haihusu sigara za kielektroniki. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia kwamba ladha yake ni ya kiwango cha chakula huenda hasemi uongo, ila anajibu swali la tumbo wakati wewe umeuliza la mapafu. Kinachomezwa hupita kwenye tindikali, kisha kwenye utumbo, kisha kwenye ini linalokivunjavunja kabla hakijazunguka mwilini. Kinachovutwa hufika moja kwa moja kwenye vifuko vya hewa, ambako utando mwembamba sana ndio pekee unaotenganisha hewa na damu.

Mjomba anataka uijue habari ya Jasper, mji mdogo katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwezi Mei 2000, daktari mmoja aliiarifu idara ya afya ya jimbo kwamba watu wanane, wote waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi za kupasha kwenye maikrowevu, walikuwa na ugonjwa wa mapafu ambao huonekana kwa nadra mno. Unaitwa bronkiolaitisi obliteransi. Vijia vidogo kabisa vya hewa hupata makovu na kuziba, mgonjwa hupata kikohozi kikavu, akipanda ngazi chache pumzi humwishia, na dawa za pumu hazimsaidii. Makovu yakishaingia hayaondoki. Wanne kati ya wale wanane waliandikwa kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine.

Hawakuwa wachimba migodi wala wapulizaji wa sumu za shambani. Baadhi yao kazi yao ilikuwa kumimina ladha ya siagi kwenye pipa la mafuta ya soya yaliyopashwa moto, na mvuke ulipopanda wakauvuta. Wengine walikuwa wakipakia bisi tu, hatua chache kutoka pipani. Wachunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, walipopima hewa ya kiwanda waliikuta ina kemikali iitwayo diasetili, ndiyo inayoipa siagi harufu yake. Siagi yenyewe inayo kwa asili, watu wameila karne na karne, na kwenye chakula ilikuwa inaruhusiwa. Kilichobadilika ni kwamba ilipashwa moto ikavutwa.

Sasa kitazame kifaa chako. Ndani yake mna waya mdogo uliosokotwa kuzunguka pamba. Pamba hunyonya maji, waya hupata moto, na mvuke huingia kifuani. Ni kazi ile ile ya pipa la Jasper, kwa kipimo kidogo, mdomoni mwa mtu mmoja.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima aina 51 za maji na sigara za kielektroniki zenye ladha zilizokuwa zikiuzwa Marekani. Diasetili ilikutwa katika aina 39. Ukijumlisha na ndugu zake wawili, pentanidioni na asetoini, aina 47 zilikuwa na angalau kemikali moja kati ya hizo tatu. Hizo zilitoka viwandani. Arki ya sokoni inayoandikwa siagi, karameli, krimu, kastadi au vanila ya maziwa ndiyo ya kwanza kushukiwa, na hakuna macho wala pua inayoweza kukuhakikishia kwamba haina. Lebo haisaidii: viwanda huruhusiwa kuandika neno moja tu, ladha, na ndani ya neno hilo mkawa na kemikali ishirini.

Utasema moshi wa sigara nao una diasetili, tena nyingi zaidi. Ni kweli, na mjomba hatakuficha. Utasema pia kwamba wale wa Jasper walivuta mvuke huo kwa saa nyingi kila siku ya kazi. Nayo ni kweli. Lakini ubaya wa sigara haujawahi kuwa kipimo cha uzuri wa kitu kingine, na wewe unavuta asubuhi, mchana, jioni na hata kitandani. Viwanda vilipoiondoa diasetili, vingine viliweka pentanidioni mahali pake. NIOSH ikaijaribu kwa wanyama, nayo ikaharibu njia za hewa. Hivyo chupa iliyoandikwa haina diasetili bado haijakwambia ina nini.

Kuna wanaokimbilia vitu vya asili. Hapa Mahagi tunalima kahawa, na mtu anaweza kudhani kwamba akichuja kahawa yake mwenyewe atapata ladha safi isiyo na kemikali. Mwaka 2013, mamlaka za afya za Marekani zilichapisha habari za wafanyakazi wawili wa kiwanda cha kahawa huko Texas waliopata ugonjwa ule ule wa Jasper. Kiwanda hicho kilikuwa kikitia kahawa ladha za kutengenezwa, lakini uchunguzi uliofuata katika viwanda vya kahawa ulionyesha kwamba hata buni isiyotiwa kitu chochote hutoa diasetili na pentanidioni inapokaangwa na kusagwa. Mama yako anayekaanga kahawa ya nyumbani uani, penye upepo, asiogope. Habari hii ni ya watu wanaoshinda ndani ya mvuke, au wanaouvuta makusudi.

Mdalasini nao una mashaka yake. Kemikali inayoupa ladha imejaribiwa maabara kwenye chembe za njia ya hewa, ikakutwa inapunguza nguvu ya vinyweleo vinavyosukuma makohozi na vumbi nje ya mapafu. Sukari, asali na rangi za chakula hazihitaji maneno mengi: huungua kwenye waya, zikaacha masizi meusi na kutoa gesi zinazochoma koo na kifua.

Mafuta ndiyo yanayomtia mjomba hofu kuliko yote. Arki nyingi za mnanaa, chungwa na limau ni mafuta, na mafuta hayatoki kwa urahisi ndani ya pafu. Tangu mwaka 1925 madaktari wameandika juu ya nimonia ya watu waliotiwa matone ya mafuta puani. Vijana husema ni rahisi kuyatambua: dondosha tone kwenye glasi ya maji, likielea ni mafuta, lisipoelea endelea. Usiamini jaribio hilo. Arki za chungwa za kutengenezea vinywaji mara nyingi hutiwa gundi inayoyafanya mafuta yasambae majini. Maji hugeuka meupe, hakuna tone linaloelea, na mafuta yamo.

Mwaka 2019 Marekani ililipa gharama ya kosa la namna hiyo. Vijana wazima walianza kufika hospitalini wakihema, na hadi tarehe 18 Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa 2,807, na vifo kati yao 68. Wengi walikuwa wamevuta maji yenye dondoo ya bangi, yaliyochanganywa na watu wasiojulikana na kuuzwa kwa siri. Wachanganyaji walikuwa wameongeza asetati ya vitamini E ili maji yaonekane mazito. Kitu hicho kimo kwenye vidonge vya lishe na kwenye losheni za ngozi, na hakidhuru huko. Wataalamu walipochunguza majimaji yaliyotolewa kwenye mapafu ya wagonjwa 51, walikikuta kwa 48. Mtu aliyekitia huenda alijiridhisha kama wewe: kinaliwa, kinapakwa, kina ubaya gani?

Tuje kwenye glisirini. Ile ya kupaka mwilini inayopangwa kwenye meza za vipodozi haikutengenezwa kuvutwa, na mara nyingi ina manukato. Lakini hata ile inayoitwa safi ina historia ya kuhuzunisha katika bara letu. Glisirini na propilini glikoli, vimiminika viwili vinavyobeba ladha kwenye vepu, vimewahi kubadilishwa au kuchafuliwa na diethilini glikoli, sumu ya figo yenye bei nafuu na utamu. Nigeria, kati ya mwaka 2008 na 2009, watoto 84 walikufa kwa dawa ya watoto wanaoota meno iliyokuwa na sumu hiyo. Gambia, mwaka 2022, zaidi ya watoto 60 walikufa baada ya kunywa dawa za kikohozi. Na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipopima vibweta 18 vya sigara za kielektroniki, kimoja kilikuwa nayo. Kama viwanda vya dawa vilidanganyika, wewe utalijuaje dumu lililopimwa na kugawanywa nyuma ya duka?

Vichupa vyenyewe vya Kampala havina wa kuvisimamia. Uganda, kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki. Ukivuka mpaka pale Goli, biashara hiyo ni kosa. Kwa hiyo kinachotufikia upande wetu kimepita gizani, hakuna mkaguzi aliyekifungua, na lebo yake mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Kuhusu nikotini, mjomba anakukataza kabisa kuiweka nyumbani ikiwa kali. Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, na chupa isizidi mililita 10. Wanaochanganya wenyewe hununua ya miligramu 100. Kijiko kimoja cha chai cha nikotini hiyo hubeba miligramu 500, na hupenya hata kwenye ngozi ya mikono. Desemba 2014, katika mji wa Fort Plain, jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kuimeza. Nyumba unayoishi Bunia ina watoto wanaotambaa, na ukiichanganya na arki ya sitroberi itanukia peremende.

Mjomba anajua ulianza na sigara na kwamba vepu ilikusaidia kuziacha. Hilo amelifurahia, na hakuombi urudi nyuma. Uingereza imewashauri wavutaji wa sigara wahamie vepu, kwa sababu moshi wa tumbaku iliyowashwa unaua zaidi. Lakini inawashauri watumie maji yaliyosajiliwa serikalini, ambayo diasetili hairuhusiwi ndani yake, na ushauri huo hauwahusu watu ambao hawajawahi kuvuta. Basi kwa sasa, kama huwezi kuacha leo, tumia yasiyo na ladha kabisa, ya kiwandani, yenye nikotini kidogo, upunguze mwezi hadi mwezi mpaka usiwe na sababu ya kununua tena. Bila ladha utavuta kidogo. Wengi husema raha yote ilikuwa kwenye ladha. Usichanganye chochote mwenyewe. Ukihisi kifua kinabana, kikohozi kisichoisha, au pumzi kukatika unapopanda kilima, acha siku hiyo hiyo, nenda hospitali, na umwambie daktari ulikuwa unavuta nini bila kuona haya.

Fikiria pia tunaishi wapi. Barabara ya taifa namba 27 kutoka Bunia hadi huku inapita Djugu, ambako tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wameuawa na vijiji kuchomwa. Haifai kumsafirishia usiku mgonjwa anayetafuta oksijeni. Na mapafu ya kupandikiza, yale waliyokuwa wakiyasubiri watu wa Jasper, hayapatikani popote katika mkoa wetu wa Ituri.

Mama yako ameambiwa kwamba unakusudia kuwauzia marafiki zako wawili mchanganyiko huo. Kabla hawajatoa pesa yao, wasomee barua hii yote. Na kama tayari umenunua chupa za arki, mpelekee mwenye duka la keki; kwenye keki zinafaa.

Mjomba wako