Chongqing ya Mama Mdogo

Jina la mji wa Chongqing sikulisikia kwanza kwenye kitabu. Nililisikia Dakawa, kwa mama yangu mdogo, akiwa amesimama kwenye jaruba, tope limemfika magotini, mkononi ana kitita cha miche ya mpunga. Alilitamka "Chonchini". Nikadhani ni jina la mtu.

"Mtu gani? Ni kwao hao Wachina wa kituoni," akasema. "Wewe si ndiyo mwandishi wa habari? Hujui?"

Sikujua. Kwa kazi yangu hii nimepita Dakawa mara nyingi mno, lakini siku zote nikiwa safarini kwenda Dodoma, kwenye Bunge, kwenye mawaziri. Dakawa kwangu ilikuwa mahali pa kuchungulia dirishani, uone mpunga umefika wapi, halafu usinzie.

Jioni ile nikakaa na simu yangu nikaanza kusoma. Kwenye mkutano wa Beijing wa 2006, China iliahidi kujenga vituo 10 vya kilimo Afrika. Kimoja kikaja Dakawa, na waliopewa kukiendesha ni kampuni ya mbegu kutoka Chongqing. Nikaendelea kusoma kuhusu huo mji wenyewe, usingizi ukapotea.

Chongqing imejengwa kwenye milima, mahali ambapo mto Jialing unaingia kwenye Yangtze. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 32 katika eneo lote linalobeba jina hilo, mashamba na vijiji vikiwemo. Lakini kilichonishika ni kwamba uliwahi kuwa makao makuu ya China. Mwaka 1937 Wajapani walipoukaribia Nanjing, serikali ilifungasha ikapanda na mto Yangtze kuelekea magharibi. Viwanda vikafuata, vyuo vikuu vikafuata, wakimbizi wakafuata. Mji ukapokea wote, na ukapokea mabomu yao pia. Juni 1941, wakati wa shambulio la ndege, watu wengi walikufa kwa kukosa hewa ndani ya handaki walimokimbilia. Mwaka 1946, vita imekwisha, serikali ikarudi Nanjing. Mgeni akaondoka.

Kati ya waliokimbilia huko alikuwa mwandishi Lao She. Akiwa pale, mwaka 1944, alianza kuandika riwaya yake ndefu kuliko zote, na riwaya hiyo inahusu Beijing, mji aliozaliwa, uliokuwa mikononi mwa Wajapani. Simlaumu. Aliye ugenini huandika nyumbani. Ila niliposoma hilo niliwaza wenyeji wa Chongqing, waliobanana kwenye vyumba ili mgeni apate pa kuweka meza.

Niliwawaza kwa sababu Dakawa nayo imewahi kupisha wageni chumba. Morogoro ilikuwa ngome ya ANC uhamishoni. Mkutano wao mkubwa wa 1969 ulifanyika huku. Baadaye wakajenga shule Mazimbu, ambako leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na mwaka 1982 serikali yetu ikawapa ardhi Dakawa. Wakajenga nyumba, karakana na madarasa. Ubaguzi ulipoanza kuanguka wakarudi kwao, majengo yakabaki kwetu. Yaliyoandikwa kuhusu miaka ile ni mengi, na niliyosoma mimi yote yanatazama Afrika Kusini. Dakawa humo ni joto, vumbi na mbu.

Kesho yake nikamuuliza mama mdogo kama anawakumbuka.

"Nawakumbuka vipi nisiwakumbuke? Nilikuwa msichana, nawauzia ndizi. Walikuwa wanaimba jioni, unasikia mpaka huku. Kuna mmoja alininunulia kila Jumamosi. Siku moja sikumwona tena. Hawakuwa wanaaga, wale."

"Hukuwahi kunisimulia."

"Uliniuliza lini?"

Nikamuuliza na kuhusu Wachina. Hapo nilitegemea ama sifa ama lawama, maana ndivyo sisi waandishi tunavyowagawa: mkombozi au mnyonyaji. Yeye akanijibu kama mkulima. Kupandikiza kwa mstari ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini palizi inakuwa rahisi na mpunga unachipua vizuri. Mbegu chotara inazaa sana, ila ukivuna huwezi kuhifadhi ukapanda tena ukapata ileile. Kila msimu mkono mfukoni. Tena wali usiponukia, mteja wa Morogoro mjini anakurudishia kiroba chako. Kwa hiyo amechukua mstari, mbegu amebaki na Saro yake. Hotuba hakuna. Ameonja cha mgeni, akachukua kinachomfaa.

Nimehudhuria semina nyingi za uhusiano wa China na Afrika. Sijawahi kusikia muhtasari mzuri kuliko huo.

Nchi yetu yenyewe iliamua 1973 kuhamisha makao makuu kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na barabara ya kuhamia huko inapita karibu na shamba la mama mdogo. Misafara imepita, mafaili yamepita, mimi nimepita. Chongqing angalau ilikuwa makao makuu kwa miaka kadhaa, ikapata ukurasa kwenye historia. Dakawa haijawahi kuwa makao makuu ya chochote. Imewapokea watu, ikawalisha, ikabaki inapanda mpunga.

Nilipokuwa naaga, nikamwambia nitaandika kuhusu Chongqing na Dakawa. Akaniangalia, kopo la kuamia ndege mkononi.

"Usiandike Wachina tu, mwanangu. Andika na mwaka huu ndege wametumaliza."

Basi ndiyo hiyo, nimeandika. Mwaka huu, Dakawa, ndege wamewamaliza.